Maji Yasipite Mbele ya Baraza

Baba yangu alikuwa mwerevu sokoni na mjinga nyumbani. Sokoni Kariakoo aliuza papa mkavu na ng'onda, na akinusa kipande kimoja tu alikwambia kimekaa juani siku ngapi na aliyekileta anaficha nini. Akifika nyumbani akili zile alizivua mlangoni pamoja na makubadhi, na hazikumrudia mpaka alfajiri ya pili alipoyavaa tena.

Haya ninayoyaandika ni ya katikati ya miaka ya hamsini, masika ambayo nilikuwa nimerudi kwa baba baada ya kupewa talaka. Mwanamke aliyeachwa akirudi kwao hupewa chumba, chakula na kazi. Sauti hapewi. Mimi sikuwa na mtoto wala cherehani, nilikuwa na ulimi tu, na ulimi wenyewe ndio nilioambiwa umeniachisha.

Nyumba yetu ilikuwa ya kona, nyumba ya Kiswahili kama zote za mtaa: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, na mbele baraza ya saruji ambapo baba na rafiki zake walikaa. Kuta zilikuwa za miti na udongo, zimepakwa chokaa hata mgeni akadhani ni za mawe. Chumba cha nyuma kabisa, upande wa kona, kilikuwa cha shangazi, dada mkubwa wa baba. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, na shangazi ndiye aliyenilea. Wakati ule miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ilikuwa safari. Vyumba vingine vilikaliwa na baba, mimi na wapangaji, isipokuwa kimoja cha mbele ambacho baba alikifunga kwa kufuli.

Pembeni mwa nyumba, upande ule wa shangazi, kulikuwa na kiwanja chembamba cha mchanga. Tulianika hapo nguo na mikeka. Mvua ikinyesha, maji ya bati yalidondokea kwenye mchanga na mchanga ukayanywa. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuyafikiria maji hayo.

Ndipo baba akanunua gari. Lilikuwa gari kuukuu la karani mmoja wa Upanga aliyechoka kulisukuma, na baba naye akaanza kulisukuma. Lakini gari ni gari, na mwenye gari hawezi kulifunga mchangani kama punda. Akamwita fundi, akaamuru kiwanja chote kipigwe saruji, kutoka barabarani mpaka mlango wa uani.

Fundi alikuja na chupa yake. Mafundi wengi wa siku zile walipima usawa kwa chupa: unaitia maji, unabakiza nafasi kidogo ya hewa, unaiziba, unailaza juu ya ubao, na kile kiputo kinakwambia ni upande gani ulioinuka. Aliilaza chupa mara tatu, kisha akasema, "Mzee, ardhi yenyewe inateremka kwenda barabarani. Tukiifuata hivyo hivyo maji yatapita hapa kando ya baraza, yaingie mtaroni, yamekwisha."

"Mbele ya baraza?"

"Yatakatiza mbele kidogo, mzee. Si mengi."

"Maji ya nyumba yangu hayapiti mbele ya miguu ya wageni wangu," baba akasema. "Yapeleke nyuma."

Hapo lazima nieleze, maana msomaji wa leo ataona baba alikuwa na wazimu. Jirani yetu wa pili, mtu mpole aliyeuza mkaa, maji ya uani kwake yalitoka na kupita mbele ya baraza yake yakiwa na mapovu yake yote. Kwa wazee wa mtaa hiyo ilikuwa fedheha. Maji ya uani ni ya wanawake, ya kuogea na kufulia, nayo hayakuwa na haki ya kupita mbele ya wanaume wanaokunywa kahawa. Baba alimtungia yule jirani jina la utani kwa ajili ya mapovu hayo, jina ambalo sitaliandika, na mtaa mzima ukamwita hivyo kwa miaka. Sasa mtunga jina angeuweka wapi uso wake siku povu likipita kwake? Afadhali gharika iingie uani.

Fundi hakubishana. Akajaza kifusi upande wa barabarani, akapunguza upande wa nyuma, akapiga saruji, akalainisha kwa mwiko, ikang'aa. Hakuna aliyeuliza huko nyuma kuna nini. Huko nyuma kulikuwa na ukuta wa shangazi.

Kwa kuwa njia sasa iliteremka kwenda uani, gari lisilowaka ilibidi lisukumwe kupanda ili lifike barabarani. Kila asubuhi wanaume wanne walilala juu ya buti wakihema, kanzu zimefungwa viunoni, na baba ndani ameshika usukani kwa heshima zote. Njia ingeachwa iteremke kwenda mbele, gari lingetoka lenyewe. Nilimwonyesha shangazi jambo hilo kupitia dirishani, tukacheka mpaka akanishika mkono nimwache apumue. Tulikuwa hatujaiona mvua bado.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha adhuhuri. Maji ya bati yalipiga juu ya saruji, yakakosa pa kuingia, yakakimbilia nyuma kama alivyoagiza mwenye nyumba, yakajikusanya chini ya ukuta wa shangazi na kutulia. Ukuta wa udongo hauogopi sana maji ya juu. Unaogopa ya chini. Ukilowa mguuni, udongo unarudi kuwa tope, unaziachia fito, na siku moja upande mzima unalala, na bati juu yake. Kila mtu Kariakoo alilijua hilo, kwa kuwa kila masika nyumba mbili tatu zililala hivyo, nyingine na watu wake.

Nilichukua kaa, nikachora mstari ndani ya chumba cha shangazi pale unyevu ulipofikia. Siku ya kwanza ulikuwa kwenye kifundo cha mguu. Baada ya siku nne ulifika uvunguni mwa kitanda, na baada ya wiki ulikuwa sawa na godoro, chokaa inabanduka vipande vipande na kumwangukia shangazi kwenye shuka.

Nilimwambia baba. Akasema ameshaona. Ameona nini, na chumbani kwa dada yake hakuwa ametia mguu tangu Idi? Nikamwambia basi tumhamishie shangazi kile chumba cha mbele, cha kufuli. Ndani ya chumba kile kulikuwa na matairi mawili ya akiba, jeki na betri.

"Na vitu vya gari vitakaa wapi?" akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza jambo la maana.

Hivyo matairi yakaendelea kulala pakavu. Sijui kama niliwahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau baba yangu siku ile, na mimi nilikuwa nimetoka kuolewa na mtu wa kudharaulika kwelikweli.

Shangazi hakutaka nimgombeze. "Mwache, mwanangu. Ataona mwenyewe."

"Ataona lini? Ukuta ukishakulalia?"

"Shika adabu yako," akasema, huku akijitoa kipande cha chokaa nyweleni.

Habari zikafika barazani, na zikifika barazani jambo limeharibika. Baba alikuwa na rafiki yake mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa akija kila siku kutoka mtaa wa Gerezani kuja kunywa kahawa yetu. Kazi yake reli ilikuwa kufungua na kufunga lango treni ikipita. Ukimsikiliza, ungedhani reli yote mpaka bara aliitandika yeye kwa mikono yake. "Sisi tumezoea maji, mzee," akamwambia baba. "Reli imepita kwenye mabwawa, sembuse kiambaza cha nyumba." Baba akamwamini. Wanaume wa barazani huaminiana haraka, hasa kwenye mambo ambayo hakuna kati yao anayeyajua.

Kwanza mstaafu aliagiza magunia ya mchanga yapangwe mbele ya ukuta. Maji yakangoja nyuma ya magunia, yakapanda, yakayapita kwa juu, na yakishapita hayakuwa na njia ya kurudi: huku gunia, huku ukuta. Tuliyachota kwa kopo. Kisha akaagiza shimo lichimbwe uani, lijazwe mawe na vifuu, ili liyanywe maji. Vibarua wawili wakachimba. Kariakoo wakati wa masika ukichimba mpaka kiunoni unakutana na maji mengine yanapanda kuja kukutazama. Shimo likajaa lenyewe, mchana wa jua, kabla ya mvua yoyote. Mstaafu alisimama ukingoni, mikono nyuma, akasema kina hakijatosha.

Mara ya tatu baba alitaka kuonyesha kwamba na yeye anazo akili. Akaamuru ukuta upakwe saruji kwa nje, kuanzia chini mpaka usawa wa kifua. Ukapendeza. Barazani wakaja mmoja mmoja kuutazama, wakaupigapiga kwa viganja kama wanaonunua ng'ombe, wakarudi kwenye kahawa. Ule unyevu uliokuwa ndani ya udongo ukakosa pa kutokea, ukageukia chumbani. Katika siku tatu mstari wangu wa kaa ulipita godoro ukafika kwenye mto. Shangazi akaacha kulala chali. Alikaa akiegemea ule ukuta wa upande wa pili, mkavu, na mchana alisinzia kwenye kigoda mlangoni, shingo imemlegea.

Alhamisi moja niliweka kidole kwenye ukuta, juu kidogo ya kitanda, nikasukuma. Kikaingia mpaka kiungo cha pili. Nilikichomoa nikakitazama. Nikajifunika buibui, nikaenda kumtafuta fundi, aliyekuwa akijenga duka moja kule Mchafukoge.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ukuta wa shangazi yako, siyo?"

Kumbe alikuwa akijua muda wote. Nilimwuliza umebakiza nini. Akasema mvua kubwa mbili, labda tatu, ikiwa Mungu anatupenda. Nikamwuliza dawa yake.

"Dawa nilimpa baba yako siku ya kwanza. Maji yaende barabarani."

"Basi njoo uyapeleke."

"Bila ruhusa ya mwenye nyumba?" Akacheka kidogo. "Mimi bado nataka kazi katika mji huu, mama."

Nikamdharau na yeye. Ila kabla sijaondoka aliniita, akafuta mikono, akanipa ile chupa yake. "Kata mfereji kando ya nyumba, hatua moja kutoka ukutani, pale pale maji ya bati yanapodondokea. Anza kona ya nyuma. Kadiri unavyokwenda mbele, zidisha kina. Macho yatakwambia inatosha. Usiyasikilize, isikilize chupa."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa nimeichagua kwa sababu. Baba alitoka sokoni moja kwa moja kwenda msikitini siku hiyo, na wenziwe wote, mstaafu na muuza mkaa na wengineo, asubuhi walikuwa majumbani mwao wakioga na kupiga pasi kanzu. Baraza haikuwa na mtu mpaka baada ya sala. Hiyo ndiyo siku pekee katika wiki ambayo mtaa ule ulikuwa mikononi mwa watu wenye akili.

Nilimgongea mke wa mpangaji wetu mmoja, mwanamke wa kusini ambaye mumewe alikuwa kibarua wa reli wa kweli, wa sururu. Nilimwomba sururu na mtaimbo. Akavitoa uvunguni, na mwenyewe akajifunga kanga akanifuata. "Kwetu mfereji anachimba mwanamke," akasema. "Sijui wenu hawa wanangoja nini."

Sehemu ya nyuma tuliianza asubuhi ile ile, maana haikuonekana kutoka barabarani. Nilipopiga mtaimbo wa kwanza nilitegemea nitavunjika mkono. Saruji ikapasuka kama gamba la yai: fundi alikuwa ametia mchanga mwingi kupita kiasi. Nilishukuru kwa uhuni wake. Mwenzangu alichimba, mimi nikachota na kupima, chupa juu ya ubao, ubao ndani ya mfereji, na kweli kila mara macho yaliniambia inatosha na chupa ikakataa. Kuta za mfereji tulizizuia kwa madebe yaliyofunguliwa na kunyooshwa, madebe ya baba. Shangazi alikuwa amekaa dirishani. Hakusema acheni, wala hakusema endeleeni. Alituhesabia hatua.

Adhana ya Ijumaa ilipoanza tukahamia mbele. Huko ndiko kulikuwa na kazi, kwa sababu kile kifusi cha kuinua njia chote kilijazwa hapo, matofali mabovu na chupa zilizovunjika, na kina kilitakiwa kifike magotini. Viganja vyangu vilichubuka, malengelenge yakapasuka, mpini wa sururu ukawa unateleza. Wapita njia walisimama. Mwanamke mmoja aliuliza kama tumefiwa. Mwenzangu akamwambia bado.

Tulitoboa mpaka mtaroni mawingu yakiwa yameshashuka juu ya paa. Tukakusanya vifusi, nikajitupia maji miguuni, nikasimama mlangoni. Mvua na wanaume vikafika pamoja. Walikuja mbio na miamvuli, wakarundikana barazani, wakikung'uta kanzu, na baba akiwa wa mwisho. Kisha wote wakatazama chini, kwa sababu maji yalikuwa yanakuja. Yalitoka kona ya nyuma, yakafuata ukuta, yakatokeza kando ya baraza, yakakatiza mbele ya miguu yao na kuingia mtaroni. Hayakuwa na povu hata moja. Yalikuwa maji ya mvua matupu, na yalikwenda vizuri kuliko kitu chochote kilichowahi kufanywa katika nyumba ile.

Muuza mkaa alikuwa mpole, nimeshasema. Lakini hata mpole ana siku yake. Akayatazama maji, akamtazama baba, akasema, "Na wewe leo, mzee?"

Baba alinitazama mara moja, akaona mikono yangu niliyoificha ndani ya kanga, akageuza uso.

"Hayo ya kwako ni maji yanayopotea njia," akamjibu. "Huu ni mfereji."

Mstaafu akainama kuuangalia, akasema ndivyo walivyofanya reli. Na baba, bila hata kupepesa, akaanza kueleza jinsi alivyofikiria: lazima uanze kona ya nyuma, lazima uzidishe kina unapokwenda mbele. Mambo yote yale aliyaona kwa kuangalia mfereji tu, papo hapo, kwa ile akili yake ya sokoni. Ndiyo iliyoniuma zaidi. Kumbe alikuwa nayo.

Niliingia chumbani kwa shangazi nimefura. Alishayasikia yote, maana baba hakuwa na sauti ndogo. "Umemsikia? Mfereji wake!"

"Nimemsikia. Lete mikono." Akanipaka mafuta ya nazi kwenye viganja, polepole, kidonda kimoja kimoja. "Yeye alitaka sifa. Mimi nilitaka ukuta. Wote tumepata."

"Na mimi?"

Akaendelea kupaka.

Mstari wa unyevu ulianza kushuka wiki ile ile. Tulibandua ile saruji ya nje, ukuta ukapumua, na masika ikaisha ukiwa umesimama. Baba aliusifia mfereji wake kwa kila mgeni. Wenye nyumba wa mitaa mingine walikuja kuutazama, akawaeleza, wakaenda kukata ya kwao. Jina la utani la muuza mkaa likafa lenyewe, kwa kuwa sasa maji ya nusu ya mtaa yalipita mbele ya baraza na wenyewe wakaona ndiyo maendeleo. Mimi nilipita na sinia la kahawa, nikasikia, nikanyamaza. Ulimi wangu ulishanigharimu nyumba moja.

Masika iliyofuata, mchana mmoja, mvua ilikuwa inamwagika na baraza imejaa wageni. Masimbi ya kahawa, majani na maganda ya karanga waliyokuwa wakiyatupa wao wenyewe yalijikusanya mdomoni mwa mfereji, na maji yakaanza kufurika kuelekea makubadhi yao. Nikasikia baba akiniita kutoka nje, mbele ya watu wote, mbele ya mstaafu na muuza mkaa:

"Wee mwanangu, njoo hapa. Mfereji wako umeziba."

Hakuna aliyeshangaa. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza tangu lini umekuwa wangu. Walikuwa wakijua mwaka mzima, wazee wazima wale, na kahawa yangu wakainywa. Kutoka dirisha la nyuma nilimsikia shangazi akicheka peke yake, akikohoa, akicheka tena.

Nilichukua fimbo nikatoka mvuani. Nilifurahi, na ninaona haya mpaka leo kwa kiasi nilichofurahi. Nikainama mbele ya wanaume wote wale, nikasukuma uchafu wao, na maji yakapita.